Utumbo Umejifunga, Wao Wanatafuta Mume

Kama una mimba, na tumbo linabana na kuachia, linabana na kuachia, na unatapika maji ya kijani, na hujajamba tangu jana, basi usisome hii. Nenda hospitali kwanza. Utaisoma ukirudi.

Nimeanza na neno hilo la kujamba makusudi. Najua halisemwi mbele za watu, na huku kwetu Tarime mwanamke aliyeolewa halisemi kabisa mbele ya wakwe zake. Nilifundishwa adabu hiyo nikaishika vizuri, na nusura inizike. Kwa hiyo nitaliandika kila linapohitajika, na mwenye kuona haya afumbe macho.

Naitwa Bhoke. Nilizaliwa upande wa Serengeti, karibu na Ikoma, ambako kaka yangu mpaka leo anafua mashuka kwenye hoteli ya watalii. Nimeolewa Nyanungu, na aliyenioa ni mwanamke. Wasomaji wa Tarime hawatashangaa. Wengine nawaeleza mara moja tumalizane: kwetu mama aliyefiwa na mume wake na hana mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, ili binti huyo azae kwa jina la nyumba yake, nyumba isife. Tunaita nyumba ntobhu. Hakuna mambo ya kitandani kati yao. Binti anazaa na mwanaume anayekubalika, na mwanaume huyo hana chake kwa mtoto. Aliyenioa anaitwa Wankuru. Mimi namwita Mama. Kwa mila ndiye mume wangu, kwa umri anatosha kuwa bibi yangu.

Sikulazimishwa. Nilikuwa nimewaona dada zangu wawili wakirudi nyumbani na macho yaliyovimba, nikasema bora nimpikie bibi kizee kuliko kupigwa na kijana. Na kweli Mama hajawahi kuninyanyulia mkono.

Mtoto wangu wa kwanza, Nyangi, alitolewa kwa upasuaji. Alikuwa msichana. Mzee Nchagwa, mdogo wake marehemu mume wa Mama, alikuja akamtazama mtoto akasema, "Mzuri," halafu akatazama ng'ombe zizini muda mrefu zaidi. Mimba ya pili ilipoingia, ukoo mzima ulikuwa umeshaamua ni mvulana. Wengine walikuwa wanagombania jina.

Maumivu yalinikuta shambani, wakati wa palizi ya mahindi, mimba ikiwa ya miezi saba. Nilidhani ni makande ya jana yake. Nikakaa kwenye tuta, likaachia, nikainuka nikaendelea kupalilia. Likabana tena. Kufika mchana nilikuwa nimepiga magoti natapika, na kilichotoka kilikuwa kijani kama majani ya maboga yaliyosagwa. Mama akaniona kutoka juu ya shamba akashuka na jembe mkononi.

"Ni uchungu?" akauliza.

"Si uchungu, Mama. Uchungu naujua."

"Ulizaa kwa kisu, utaujulia wapi."

Nikapelekwa ndani, akaitwa jirani anayejua kukanda matumbo. Alinikanda mpaka nikaona nyota mchana, kisha akatangaza kwamba mtoto amekaa vibaya na kwamba mtoto wa kiume ndivyo anavyomtapisha mama yake. Nikanyweshwa maji ya mzizi mchungu, nikayatapika. Nikapewa uji, nikautapika. Wakati wote huo wanawake waliokuja kunitazama walinipapasa chini ya kitovu wakacheka kwa furaha, kwa sababu mtoto alikuwa anapiga teke.

Kesho yake tukaenda zahanati. Sitasema ya wapi. Kwetu anayekusindikiza mgonjwa ndiye anayemsemea, hasa mgonjwa akiwa mke na msindikizaji akiwa mkwe au mume, na Mama alikuwa vyote viwili. Akaeleza mimba inanisumbua, natapika, silali. Mimi nikiwa nimetazama sakafu nikaongeza kwa sauti ndogo, "Na choo hakitoki."

Muuguzi hakuinua kichwa. "Hiyo inaletwa na vidonge vya kuongeza damu," akasema. "Wajawazito wote wanafunga choo. Kunywa maji mengi, kula papai."

"Maji hayakai tumboni."

"Kunywa kidogo kidogo."

Akanipima presha, akasikiliza mapigo ya mtoto, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mtoto mzima kabisa." Mama akashukuru mara tatu. Tukarudi nyumbani na papai.

Hilo papai sitalisahau. Liliwekwa mezani, kubwa, limeiva vizuri, na kila aliyeingia aliniuliza kwa nini sili. Kufikia jioni nilikuwa na matumbo mawili. La chini lilikuwa la mtoto. La juu, chini kidogo ya mbavu, lilikuwa langu, limejaa upepo, limekaza kama ngoma, na la kwangu hakuna aliyelitazama. Nikisema linauma wanagusa la mtoto. Matapishi yalianza kunuka choo. Mama akachoma majani kufukuza harufu.

Kilio cha samaki machozi huenda na maji, ndivyo wanavyosema. Mimi nilikuwa natapika mbele ya watu saba na bado hakuna aliyeona.

Aliyenitoa pale ni Mwita. Huyu ndiye baba wa watoto wangu kwa damu, dereva wa bodaboda mjini Tarime, mtu mpole mwenye woga. Kimila hana ruhusa hata ya kumwita mtoto "mwanangu" mbele ya wazee. Asubuhi ya siku ya tatu alikuwa ameleta abiria Nyanungu, akachungulia, akaniona nilivyokuwa. Akamwambia Mama, "Huyu mtu anakufa," na kabla hajajibiwa akawa anageuza pikipiki. Nilikaa katikati, Mama nyuma yangu amenishika. Kila shimo la barabara nililijua kwa jina tulipofika mjini.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi la wajawazito. Kuna mambo ya benchi ambayo mtu mzima hawezi kuyaelewa mpaka yamkute. Ukiumwa sana unajikunja, na ukijikunja unachukua nafasi ya watu wawili, na watu wawili hao wanakuchukia. Mwanamke mmoja aliniambia nikae vizuri. Nikamtapikia karibu na viatu. Sikukusudia, lakini sikusikitika pia.

Wakanipiga picha ya tumbo kwa ile mashine ya jeli. Aliyekuwa anapima akageuza kioo Mama aone. "Huyo hapo, bibi, mzima." Mama akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Wakati huo Mzee Nchagwa naye alikuwa ameshafika kutoka Nyanungu na fimbo yake, maana habari za mimba ile zilikuwa zinakwenda mbio kuliko gari. Akaambiwa mtoto mzima, akasema, "Basi turudi nyumbani." Mimi nimelala pale nimekakamaa, nimekauka midomo, na watu watatu wanapongezana juu ya tumbo langu. Nilitamani kuwatukana na sikuwa na mate.

Jioni hiyo daktari wa upasuaji akapita. Kijana, si mtu wa huku, Kiswahili chake kilikuwa cha pwani. Alikuwa anamfuata mgonjwa mwingine, akasimama kwangu kwa sababu ya harufu. Akafunua shuka, akatazama lile tumbo la juu. Alikuwa wa kwanza kulitazama. Akapitisha kidole kwenye kovu la Nyangi.

"Umejamba lini mara ya mwisho?"

Mama akageukia ukutani. Mzee Nchagwa akakohoa. Nikanyamaza. Niamini, msomaji, nilikuwa nakufa na bado nilinyamaza, kwa sababu mkwe wangu wa kiume alikuwa amesimama miguuni kwangu.

Daktari akaelewa. "Wazee wangu, tupisheni kidogo," akasema. Walipofika mlangoni nikamwambia, "Tangu juzi asubuhi. Si choo, si upepo. Hakuna kitu."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza hilo. La choo nilisema, nikapewa papai."

Hakucheka. Akaniambia utumbo umejifunga. Lile kovu la kwanza lilikuwa limeacha nyuzi ndani, na mimba ilipopanda ikauvuta utumbo ukanaswa. Zaidi ya hapo sijui na wala sijataka kujua. Wakanipitisha mpira puani mpaka tumboni. Kuupitisha ni adhabu, sikudanganyi: unameza huku unakabwa, na machozi yanatoka yenyewe. Lakini ulipofika, yale maji ya kijani yakaanza kushuka kwenye mfuko uliofungwa pembeni ya kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu shambani nikavuta pumzi hadi mwisho. Nilimpenda yule daktari kama ndugu.

Asubuhi mfuko ulikuwa umejaa na tumbo bado limekaza. Daktari akaja, akagusa, akasema hatungoji tena, napasuliwa. Akaagiza niandaliwe, akaingia chumba cha upasuaji kwa kijana wa ajali ya pikipiki. Na hapa ndipo hasira yangu ilipozaliwa. Ile ya kabla ilikuwa maumivu tu.

Alikuja muuguzi wa wodi, dada mmoja mwenyeji wa Mbeya aliyekuwa hajamaliza mwaka kwetu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka.

"Mume wako yuko wapi? Tunahitaji akubali."

"Yuko nje, kwenye benchi."

Akatoka, akarudi. "Nje kuna bibi na mzee."

"Ni huyo bibi."

"Bibi ni nani wako?"

"Ndiye aliyenioa."

Akanitazama puani ulipoingia mpira, nadhani alifikiri nimechanganyikiwa. "Mama, sina muda wa utani," akasema. "Nani mume?"

Mama akaingia akajieleza. Muuguzi akasema hawezi kuandika kwamba mume ni mwanamke. Mzee Nchagwa akasogea mbele akasema kama anatakiwa mwanaume wa nyumba hiyo, ni yeye, na yeye hakubali. Mtoto bado hajakomaa. Wangoje mwezi mmoja, mtoto akomae, ndipo wapasue vyote kwa pamoja. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayepanga siku ya kuvuna.

"Na mama yake akifa kabla ya huo mwezi?" muuguzi akamuuliza.

"Mungu hataki hivyo," akasema Mzee Nchagwa.

Muuguzi akauliza mtoto ni wa nani. Mama akasema wa nyumba yake. Muuguzi akasema anauliza baba. Mwisho Mama akamtaja Mwita, na Mwita akapigiwa simu, akaja na kofia ya pikipiki mkononi. Akaambiwa akubali nipasuliwe. Maskini, alijua akikubali kama mume, kesho ukoo utasema anadai mtoto, na mambo ya kudai mtoto kwetu hayaishii kwenye maneno. Akamtazama mzee, akatazama fimbo.

"Mimi si mume," akasema. "Waulizeni wenyewe."

Akarudi nje kusimama na pikipiki yake. Wakaanza upya. Mzee akamwambia Mama ampigie kaka yangu, Mama akasema kaka alishapokea ng'ombe hana sauti, muuguzi akasema yeye anataka mtu mmoja tu, yeyote mwenye suruali na akili. Jua likapanda. Mimi nilikuwa pale, nimelala hatua moja kutoka kwao. Maumivu yale ya kubana na kuachia yalikuwa yameacha kuachia. Ilikuwa moto mmoja tu usiokatika. Waume watatu, msomaji, na hakuna hata mmoja aliyenipa maji ya kulowesha ulimi.

Yule aliyenilowesha ulimi alikuwa mgonjwa wa kitanda cha pili, Akinyi, Mjaluo anayeuza mitumba Sirari, aliyekuwa amezaa juzi. Alichovya pamba kwenye kikombe akanipaka midomo. "Hawa watu wako wako na kelele mingi," akaninong'oneza. "Ni kama wananunua ng'ombe."

Daktari akatoka kwenye upasuaji amevaa bado zile nguo za kijani. "Mbona hajaletwa?"

"Tunatafuta mume," muuguzi akasema.

"Yeye mwenyewe amesemaje?"

Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyejibu kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikaona hilo linawaingia mmoja mmoja, na Mzee Nchagwa ndiye aliyekasirika. "Huyu ni mke," akasema. "Anasemewa."

"Huyu ni mtu mzima," daktari akamwambia. "Akikubali yeye, imetosha. Ilikuwa inatosha tangu asubuhi."

Tangu asubuhi. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko sala.

Kisha akawaeleza wote, kwa sababu alikuwa muungwana, kwamba hali ni mbaya, kwamba kuna uwezekano mtoto akazaliwa kabla ya wakati, na kwamba atafanya kila awezalo kwa wote wawili lakini hawezi kuahidi wote wawili. Mama akamshika mkono. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini masikio yangu yalikuwa mazima.

"Mwanangu, mponeshe mtoto."

Nilikuwa nimeishi na huyo mwanamke miaka minne. Nimemwogesha akiwa na malaria. Nilisikia alivyosema, na kitu ndani yangu kikawa kigumu kuliko lile tumbo.

Daktari akautoa mkono wake taratibu, akainama kwangu. "Bhoke, wewe unasemaje?"

"Nipasueni," nikasema. "Nataka kupona mimi. Mtoto akipona, nitashukuru. Lakini nataka kupona mimi."

Wodi nzima ilisikia. Kuna mwanamke kule mwisho aliguna, kwa kuwa mama hasemi hivyo. Mama mzuri anasema nife mimi, mwanangu aishi. Sawa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikuwa na Nyangi nyumbani, bado hajajua kujifunga viatu, na hakuna mtu pale aliyekuwa amemtaja.

Nilipozinduka nilikuta mkono wangu uko juu ya tumbo, na chini ya mkono mtoto anajigeuza. Alikuwa bado ndani. Nililia, na kulia kukauvuta mshono, nikaacha. Daktari akaniambia wamekata kipande cha utumbo kilichokuwa kimeshakuwa cheusi. Nikamuuliza, wangenifungua asubuhi ile, kingekuwa cheusi? "Labda sehemu yake ingepona," akasema. Nilimshukuru kwa kutonidanganya, na nikamchukia kila mtu mwingine aliyekuwa kwenye jengo lile.

Zikafuata siku za dripu na mpira. Mambo ya mwili ni haya: mdomo unakuwa kama wa mtu aliyelamba majivu, miguu inavimba, nywele zinabaki kwenye mto. Huruhusiwi kula wala kunywa mpaka ujambe. Ndiyo, kazi yote ile ya kisu na dawa inangoja jambo hilo moja, na wodi nzima inajua. Daktari akipita asubuhi anauliza hilo kabla ya salamu. Akinyi alikuwa ananiuliza kila akirudi kutoka kumnyonyesha mtoto wake kwenye chumba cha watoto wachanga.

"Bado?"

"Bado."

"Sisi wote tunangojea hiyo habari."

Ilipokuja, ilikuja mchana wa saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa wageni, na haikuja kimya. Akinyi akapiga makofi. Mchungaji aliyekuwa anaombea mtu kitanda cha mlangoni akasimama katikati ya sala. Nilicheka mpaka nikashika mshono kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo furaha ya kwanza ninayoikumbuka, na ukiwa kwenye hali kama yangu, usiione haya. Niliruhusiwa vijiko vitatu vya maji na sijawahi kunywa kitu kitamu kama hicho.

Siku zote hizo Mama alikuwepo. Alilala sakafuni pembeni yangu. Aliniosha, alimwaga mfuko wa mkojo, alinichana nywele zile zilizokuwa zinakatika akazikusanya asizione mtu. Uji ulipoanza, aliupuliza kwa mdomo uleule uliosema mponeshe mtoto, na mimi nikanywa. Sikumsemesha. Nilimjibu ndiyo na hapana. Nilimpigia kaka yangu Ikoma nikamwambia nataka kurudi nyumbani. Akaniuliza ninaendeleaje, kisha akasema, "Dada, lakini wale ng'ombe ndio nilioolea." Nikakata simu.

Nilirudi Nyanungu mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Miezi iliyobaki niliibeba mimba kama mtu anayebeba yai kwenye kijiko. Mshono ulivuta kila mtoto alipojinyoosha. Kila tumbo likiguguma nilisimama kusikiliza. Wanawake walikuja kunitazama na wote waliuliza mtoto anaendeleaje. Nikawa nawajibu, "Mtoto hakuwa mgonjwa. Mgonjwa nilikuwa mimi." Baadhi waliacha kuja, na nyumba ikapumua.

Mahindi yalipokuwa yanavunwa walinipasua tena, wakamtoa. Msichana. Mzima, ana kilo zake, ana sauti. Daktari yuleyule, kabla hajanishona, mimi nikiwa macho kwa ganzi ya mgongo, aliniambia kwamba ndani ni nyuzi tupu, kwamba mimba nyingine inaweza kunirudisha palepale au pabaya zaidi, akaniuliza kama nataka wanifunge kizazi. Hakumwuliza mtu mwingine. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Siku moja tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi na Mama, mtoto amelala kwenye gunia kati yetu. Nikamuuliza bila kumtazama.

"Siku ile ulimwambia daktari aponeshe mtoto."

"Nilisema," akajibu. Hakutafuta maneno. "Nilikuleta hapa kwa ajili ya mtoto. Ulitaka niseme nini?"

"Bhoke. Ungesema Bhoke."

Akapukuchua hindi lote mpaka likabaki gunzi. "Mimi nilizaa, nikazika wote," akasema. "Nikiwa natoka damu walimuuliza mume wangu. Walimuuliza baba yake. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu."

"Basi wewe ndiye ungejua."

Akachukua hindi jingine. Sikumsamehe siku ile na sijamsamehe leo, na sitaki mtu aje kuniambia kusamehe ni dawa. Dawa nilipewa hospitalini. Ila tunaishi pamoja, tunapika chungu kimoja, na Nyangi analala kwake.

Naandika sasa mtoto akiwa ameanza kutambaa. Naandika kwa ajili yako uliyewahi kupasuliwa ukabeba mimba tena. Tumbo lako ni lako pia, si la mtoto peke yake. Likibana na kuachia, ukitapika kijani, upepo ukikata, usingoje kusemewa. Mtoe nje mkwe, mtoe nje mume, mwambie aliyevaa koti jeupe kwamba una kovu na hujajamba. Akikupa papai, nenda kwa mwingine. Na wakianza kutafuta mtu wa kukukubalia, sema wewe, kwa sauti. Imetosha tangu asubuhi.

Wiki iliyopita wazee walikuja. Mzee Nchagwa mbele, na wengine wawili wa ukoo. Niliwaamkia shikamoo, nikawawekea viti, nikakaa chini na mtoto kama inavyotakiwa. Walizungumza mvua, wakazungumza wizi wa ng'ombe, kisha Mzee Nchagwa akasema kwamba wasichana wawili ni baraka, lakini nyumba inangoja mwanaume, na mtoto akishaacha ziwa ukoo utafurahi kusikia habari nyingine. Alimwambia Mama. Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo.

Mke hasemi wazee wakizungumza. Nilisimama.

"Tumbo hili limepasuliwa mara tatu," nikasema. "Halibebi tena. Nimeshafungwa kizazi, na niliyekubali ni mimi."

Mmoja wa wale wazee akashika kichwa. Mzee Nchagwa hakunitazama, alimgeukia Mama, uso umekunjamana. "Wankuru, unamsikia mke wako? Nyumba yako inakufa."

Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuacha. Nilijua anajua uzito wa nilichosema, kwa sababu ni yeye aliyetoa ng'ombe wake wote kwa ajili ya mvulana ambaye sasa hatazaliwa. Maharage mawili yakaanguka nje.

"Nimemsikia," akasema. "Safari hii nimemsikia. Nyumba ina watu watatu ndani, na mimi wa nne. Mkitaka kuzika, tafuteni kwingine."

Mtoto akaanza kulia njaa, nikakaa nikamnyonyesha palepale mbele yao.